Mlango Uliomkana Mishi

Kila Bi Mwatime alipoingia kwake, mlango ulimtangaza mpaka barabarani: "Karibu Mwatime, uliyefungwa kwa kupika gongo." Ndivyo ilivyokuwa milango yote siku hizo, naye alishazoea. Lakini safari hii bintiye Mishi alikuwa anakuja kulelewa arobaini ya uzazi wa kwanza, tena akisindikizwa na mama mkwe wake. Aibu gani hiyo! Bi Mwatime akahangaika maofisini hadi hukumu ile kuukuu ikafutwa kwenye kumbukumbu zote, hata za milango.

Siku ya siku Mishi akafika, kichanga kifuani kimefunikwa khanga. Ndani, maji ya kumkanda yalishachemka na mchuzi wa pilipili manga ulikuwa unanukia. Mlango haukufunguka.

"Huyu simjui," ukasema.

"Ni mwanangu wa kumzaa," Bi Mwatime akajibu kutoka ndani.

"Mwenye sura hii alizaliwa gerezani. Wewe hujapata kufungwa."

"We mlango, juzi tu ulikuwa ukinipigia kelele kwamba nilifungwa."

"Sina habari hiyo, mama."

Bi Mwatime akaupiga teke, akaumia kidole.

"Mkwe mwenzangu," mama mkwe akasema nje, "jua linamchoma mtoto. Mishi nitamkanda mwenyewe, maji hata kwangu yapo."

"Mama?" Mishi akaita, huku anavutwa mkono.

"Nakuja, mwanangu." Bi Mwatime akausukuma mlango kwa bega.

"Unakwenda kwa nani, mama?" mlango ukamuuliza kwa upole. "Huna mtoto."