Mwamba wa Ng'ambo

Mzamiaji aliibuka majini, akavua miwani, akalaani kidogo. Samaki wa nje ya hifadhi walikuwa wengi na wanene sawasawa na wa ndani. Heri kwa samaki, kwake msiba.

Kajitakia mwenyewe. Vipimo vya kwanza vilionyesha kwamba ndani ya hifadhi, pasipovuliwa, samaki wamejaa, na nje hakuna kitu. Watu wakapiga makofi. Yeye na mdomo wake akasimama, akasema hiyo si haki: ndani ni mwamba wenye mapango, nje walikopima ni mchanga mtupu.

"Mtalinganishaje nyumba ya vyumba na uwanja wa mpira, halafu mshangae watu wamelala wapi?"

Shemeji yake, mwenyekiti wa wavuvi, aliyeililia hifadhi ifunguliwe kwa nyavu, nusura ambusu. "Shemeji, leo umesema! Pima mwamba kwa mwamba. Upo mmoja nje, ng'ambo ya mkondo. Twende nikuonyeshe."

Akampeleka kwa boti yake, na petroli juu yake. Mwamba ukawa pacha wa ule wa ndani: kina kilekile, mapango yaleyale.

"Hapa mnavua sana?" Mzamiaji aliuliza.

"Eti nini? Mashine inapiga kelele!"

Sasa walikuwa ukumbini, feni ikilia kwi kwi, afisa wa uvuvi kashika kalamu ya kuifuta hifadhi.

"Kwa hiyo mwamba kwa mwamba, palipolindwa na pasipolindwa ni yaleyale?" afisa aliuliza.

"Ndivyo nilivyoona," Mzamiaji alijibu. Hifadhi aliyoipigania mpaka akanuniwa na nusu ya ukoo inakwenda na maji, na aliyeisukuma ni yeye.

"Usilie, shemeji," mwenyekiti alimnong'oneza, meno yote nje. "Samaki wa kwanza nitakuletea wewe."

"Mle mwenyewe, na mwiba wake ukukae kooni."

Wavuvi wakaangua kicheko. Mmoja wao, mlafi waliyembandika jina la Sinia, akadakia kwa furaha:

"Jamani, hifadhi ya nini tena? Huo mwamba wa ng'ambo si umejaa tele? Mimi kesho asubuhi nautandikia wavu!"

Mwenyekiti aliruka, kiti kikaenda chali.

"Thubutu! Utie wavu pale nikuvunje miguu! Mwamba ule mimi na kaka zangu tumeupiga marufuku tangu kitindamimba wangu yuko tumboni, hatii mtu hata ndoano. Au unadhani samaki wamejaa vile kwa bahati?"