Bangili ya Dalali

Siku hizi kila dalali wa nyumba anavalishwa bangili isiyovulika. Hofu ikimwingia, mlango ulio karibu unafunguka wenyewe ili akimbie. Mimi iliniokoa Kimara, mteja aliponivutia chumba cha ndani, ikaniaibisha Mbezi kwa sababu ya mjusi.

Nyumbani, mume wangu Sekiondo akiingia anafunga mlango. Unafunguka. Anafunga tena. Unafunguka.

“Mwantumu, huu mlango una nini?”

“Kitasa hicho, baba. Si unajua nyumba ya dalali ndiyo mbovu kuliko zote?”

Huwa tunacheka wote. Leo amerudi na komeo la chuma, lile la zamani la kusukuma kwa mkono.

“Hili halisikilizi bangili,” akasema, akaanza kupigilia misumari, taratibu.