Hongera, Umefaulu

Honorata alikuwa kwenye swali la pili la mtihani wa kozi ya kuokoa wagonjwa mahututi, ile ya kwenye simu, alipoitwa chumba cha dharura. Akaitia simu mfukoni, akakimbia.

Alimkuta mzee kutoka Kasoli, moyo umesimama. Akamkandamiza kifua mpaka jasho lake likadondokea shati la mzee. Mashine ya kushtua moyo ilikuwa pale pale pembeni, ila yeye na wauguzi wenzake walitazamana tu. Hakuna aliyejua aanzie wapi.

Mzee hakurudi.

Honorata alinawa mikono, akatoa simu. Muda wa mtihani ulikuwa umeisha, na maswali yaliyobaki hakuyagusa hata moja.

“Hongera, umefaulu!” skrini iliandika. Cheti kilikuwa kimeshatoka, na jina lake juu.

Patroni, msimamizi wake, akachungulia mlangoni. “Sista, utawala wanataka cheti leo. Hiki cha simu wanakipokea. Umepata, au bado unaililia ile kozi ya Mwanza ya kukandamiza vifua vya midoli?”

Nje ya dirisha, mke wa mzee alikuwa ameketi chini, amepakata viatu vya katambuga vya mumewe.

“Nimefeli, patroni,” Honorata alisema. “Niombee ruhusa ya Mwanza.”