Uchawi Alioubakiza

Kila Jumapili, wachezaji wa mchezo wa mezani wa kujifanya wachawi walimwuliza Kitwana kuhusu uchawi wa mchezo huo, kwani alikuwa na kila aina kichwani. Zamda alipoanza kutengeneza programu ya simu ya kuorodhesha uchawi huo, Kitwana alimtajia aina mia tatu. Moja aliificha, ile ya kufungua mlango usio na kitasa, ili wasiache kumhitaji.

Leo mchezo uliwafikisha kwenye mlango kama huo.

"Si kulikuwa na uchawi wake?" aliuliza Mbwera, mmoja wa wachezaji.

Kitwana alikaa sawa, akingoja kuulizwa. Zamda alipekua simu.

"Humu haumo."

"Basi haupo. Tuzunguke nyuma," alisema Mbwera.

"Mzee, zamu yako," alisema Zamda bila kuinua macho.

Kitwana alizishika dadu, asisikie hata uzito wake, akazirusha.