Mahali pa Bundi Hapatajwi

Siku ya pili ya kumtafuta Urho Kemppainen, watu thelathini waliendelea kumtafuta pale pale alipowadanganya kwamba anakwenda.

Alijiroga mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini ya Urho ilichukua miaka ishirini. Miaka yote hiyo alipiga picha za bundi wakubwa wa kijivu katika misitu ya Kainuu, na hakuna aliyejua anawapigia wapi. Akienda kaskazini, aliaga kusini. Mkewe, Kerttu, alipomuuliza, alijibiwa, "Mahali pa bundi hapatajwi, hata kitandani." Wapiga picha wa huko wote ndivyo walivyo. Anayetaja mahali pake asubuhi, mchana hukuta watu kumi wameshasimika stendi zao za kamera.

Safari hii alisema anakwenda kwenye kinamasi cha Hukkasuo. Jumanne jioni hakurudi. Baridi ilikuwa nyuzi kumi chini ya sifuri, ambayo kwa Kainuu si ya kutisha. Mtu aliyevaa vizuri, hata akivunjika mguu, huvumilia siku mbili tatu. Kerttu aliishikilia hesabu hiyo kwa meno.

Goti halikumruhusu kupanda skii za kutelezea thelujini, kwa hiyo alibaki jikoni akipika supu ya njegere, maana ilikuwa Alhamisi, na huko Alhamisi ni siku ya supu hiyo. Kila aliyetoka asubuhi alimwambia maneno yale yale.

"Amevaa glavu nyekundu nilizomfuma. Kidole gumba cha kijivu, sufi iliniishia. Mkiona hata glavu, nileteeni."

Wa mwisho kurudi jioni alikuwa Taisto Moilanen, mpiga picha mwenzake Urho.

"Nimefika mwisho wa Hukkasuo, shemeji, nikapitiliza. Hata unyayo hakuna."

"Kaa ule. Ingiza na huo mkoba ndani, utaganda huko."

"Uache uning'inie. Una kamba tu na chupa ya kahawa."

Mkoba ulining'inia kwenye kijiukumbi cha mbele kisicho na moto, kwenye msumari wa Urho. Hapo ndipo Urho alipotundika kamera yake kila jioni, kwa sababu kamera ikitoka kwenye baridi na kuingizwa ghafla kwenye joto, lenzi hutoka jasho. Kerttu aliutazama ule msumari, machozi yakamlengalenga, akageukia sufuria.

Taisto alikula sahani mbili.

"Mbishi yule," alisema, akijifuta haradali mdomoni. "Mwaka juzi si alinituma kule mlimani? Siku tatu nimekaa napiga picha kunguru, yeye huku anabeba tuzo. Ya tatu hiyo! Nikamwambia, Urho, ipo siku utapotea, na sisi tutaambulia kunguru."

"Usimseme hivyo, Taisto. Yu hai."

"Haya, shemeji, nisamehe. Mdomo tu huu. Kesho alfajiri naingia tena."

"Mungu akubariki. Wengine wameshaanza kuchoka."

Usiku ule theluji iliyoanza mchana ilizidi kuanguka, na haikuacha hadi Jumapili. Jumapili watu walikunja kamba zao. Masika theluji ikayeyuka, na Hukkasuo haikutoa kitu isipokuwa maji na mbu. Kerttu aliweka jiwe lenye jina la mumewe kwenye makaburi ya kanisa, chini yake hakuna mtu, na kila Jumamosi akawa anaenda kuwasha mshumaa. Alilia zaidi kwa ule utupu kuliko kwa kifo.

Majira ya vuli chama cha wapiga picha kilifanya maonyesho yake katika maktaba ya mji, na tuzo hatimaye ikamwangukia Taisto. Kerttu alioka mkate mtamu wa iliki akaenda nao. Mtu aliyemhangaikia mumeo theluji yote ile humpongezi mikono mitupu.

Zilikuwa picha tatu katika fremu moja. Bundi yule yule, juu ya kisiki kile kile, theluji ikianguka. Jaji mkuu, mama mmoja kutoka Oulu, alizielekeza kwa kalamu.

"Bundi wazuri tumeona wengi. Lakini hebu tazameni hii nukta nyekundu chini ya kisiki, kama tunda lililosahauliwa. Ya kwanza ipo, ya pili ipo, ya tatu theluji imeifunika. Nilimuuliza kama aliiweka mwenyewe, akaapa kwamba aliikuta hapo. Na mnajua sheria yetu: picha haikatwi, haifutwi kitu, na tarehe inatoka ndani ya kamera yenyewe."

Watu walipiga makofi. Kerttu alimpa Taisto mkate, akamshika mkono.

"Hongera, Taisto. Ulimpigia wapi?"

Taisto akacheka. "Mahali pa bundi hapatajwi, shemeji. Hata marehemu angekujibu hivyo hivyo."

Kerttu naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu majira yale ya baridi. Kisha alivaa miwani, akainama kusoma kikaratasi kilichobandikwa chini ya fremu. Kiliandikwa jina la Taisto, aina ya lenzi, na tarehe. Ilikuwa ile Alhamisi ya supu.

Aliinua macho polepole hadi kwenye nukta. Ilikuwa na kidole gumba cha kijivu.

Katika picha ya kwanza vidole vilikuwa vimekunjwa. Katika ya pili vilikuwa vimenyooshwa, vinamwita aliyeshika kamera.