Waliobonyeza na Walioingia

"Waliobonyeza ni mia tatu na kumi. Walioingia ni kumi na tisa."

Fundi wa makochi aliikodolea macho kompyuta kana kwamba imemtukana. Shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyemtengenezea tovuti ya duka, akarudia taratibu. Kampuni ya matangazo ilidai watu mia tatu na kumi wamebonyeza tangazo la makochi wiki ile. Tovuti yenyewe iliona wageni kumi na tisa tu.

"Hao wengine wamepotelea wapi? Mlangoni?"

"Hapohapo mlangoni, shemeji. Mtu anabonyeza, halafu anatoka kabla ukurasa haujafunguka. Tovuti haimhesabu, lakini kampuni inakukata hela. Na kampuni yenyewe uliyochagua ni ya bei poa, haichuji kitu. Mtu mmoja akibonyeza mara hamsini, unalipia zote hamsini."

Fundi aliweka nyundo chini. Tangazo lile ndilo lilikuwa tegemeo lake la mwisho. Wateja wasipopatikana mwezi huu, kodi ya duka ingemshinda, na ingembidi akubali jambo aliloapa hatalikubali: kubomoa ukuta wa mbao na kuungana na jirani, muuza vitanda wa upande wa pili, wawe na duka moja na bango moja.

"Ni yeye!" Akanyoosha kidole ukutani. "Yule mgane hana kazi ya kufanya, anabonyeza makusudi ili nifilisike!"

"Usimsingizie mtu," mama yake akasema. "Simu yake iko kwa fundi simu tangu Jumatatu. Kioo kimepasuka."

Mama alikuwa amejiachia kwenye kochi jekundu, lile lililoegemea ukuta. Tangu abaki mjane alikuwa akishinda dukani, na hakuwahi kukaa kochi jingine. Alidai hapo pana kaupepo kazuri, ingawa dirisha lilikuwa upande mwingine kabisa. Siku hiyo alivaa hereni zake za sherehe, na kidole gumba kilikuwa kikichezacheza juu ya simu kama cha mtu anayechambua mchele.

"Mama, kila siku unamtetea huyo!"

"Namtetea wapi? Nasema tu mngeungana msingekufa."

"Ukuta huo utabomoka mimi nikiwa kaburini."

Mama akashusha pumzi, akarudi kwenye simu yake.

"Subirini," shemeji akasema. "Kuna mtu anabonyeza sasa hivi."

Namba ilikuwa imepanda. Ikapanda tena. Shemeji akatazama kompyuta, akamtazama mama, akatazama tena kompyuta. Kidole gumba kikishuka, namba inapanda.

"Mama yangu," akauliza kwa adabu zote, "hebu tuonyeshe unafanya nini hapo."

"Nampigia debe mwanangu! Picha ya kochi lake ikitokea, naibonyeza. Si ndivyo mnavyopenda nyie watu wa mtandao? Tatizo simu yangu nzito. Ukurasa haufunguki, basi natoka, nabonyeza tena."

Fundi alishika kichwa. Hasira ilimpanda mpaka kooni, ikafika hapo ikageuka kicheko. Mama wa watu, kutwa nzima anamsaidia mwanawe kwa moyo wote, kumbe ndiye anayemmaliza! Akamkumbatia, akamweleza polepole kama anavyoelezwa mtoto, kisha akaichukua ile simu akaitia mfukoni. Ataipata tangazo likiisha.

"Nisamehe, mwanangu. Ni uzee huu."

"Yaishe, mama. Hukujua."

Aliona aibu kidogo kwa kumsingizia jirani, lakini si aibu ya kumfanya aende kumsalimia. Akamsindikiza shemeji yake barabarani, wawili hao wakicheka mpaka wanashikana mabega.

Mama alingoja mpaka vicheko vikapotelea kwenye kona. Akarekebisha hereni, akasogea hadi mwisho wa kochi jekundu, akagonga ukuta mara mbili.

Upande wa pili nao ukagonga mara mbili.

"Simu yako imetoka kwa fundi?" akanong'ona.

"Imetoka asubuhi hii, mpenzi."

"Basi shika zamu, mimi nimeshanyang'anywa. Na ukibonyeza tu, toka haraka kabla ukurasa haujafunguka. Nataka ukuta huu uwe chini kabla ya harusi."