Wimbo Mmoja wa Mwalimu Ansbert

Mguu wa kushoto wa Brightson ulikuwa umepotea tena. Mikono ilijua inakokwenda, mguu wa kulia nao haukuwa na shida, lakini wa kushoto ulipapasa vile vibao vya chini mpaka ukakanyaga kisichohusika, na kinanda kikatoa mlio wa ng'ombe aliyekosewa heshima.

"Huo mguu umefika Mbagala," alisema Mwalimu Ansbert bila kuinua macho. "Uite urudi. Tunaanza upya."

Kinanda chenyewe hakikuwa kama hivi vya plastiki vya kubeba kwapani. Kilikuwa cha mabomba, kirefu karibu kufika dari, kinapumua kwa upepo, kiliachwa pale Temeke na wamisionari. Umeme ukikatika kilikata roho katikati ya wimbo na waumini wakamalizia wenyewe. Mwalimu Ansbert alianza kukipiga Brightson hajazaliwa. Watu walisema mkewe alipofariki, mzee alikioa kinanda.

Sasa umri ulikuwa umekwenda, na Paroko alishasema wazi kwamba atakayepitishwa na Ansbert ndiye atakayekalia kile kiti. Brightson, fundi friji wa Tandika, alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Hata akiwa amejikunja nyuma ya friji ya mteja, vidole vyake vilikuwa vinapiga kinanda juu ya bati.

Tatizo ni kwamba tangu Pasaka alikuwa anafundishwa wimbo mmoja tu, ule wa maharusi kuingia kanisani. Si Utukufu, si Mtakatifu, si hata wimbo mmoja wa komunyo. Maharusi wanaingia, maharusi wanaingia, mpaka wanakwaya wakaanza kumwita Bwana Harusi.

"Mwalimu, samahani. Misa si ina nyimbo nyingi?"

"Unazijua?"

"Hapana."

"Basi piga huu. Na upunguze mwendo. Kwani bibi harusi anakimbizwa na mgambo?"

Brightson akaamini mzee anamkomoa. Mchoyo huyu, alijisemea, anataka azikwe na ufundi wake. Alipofika nyumbani akamweleza mama yake, Bi Apolonia, fundi cherehani, mjane asiyeogopa mtu.

Mama alichemka. "Mwanangu ndo wa kuchezewa hivyo? Subiri, mie nakwenda kumpa vidonge vyake!"

Akaoga, akavaa kitenge chake kizuri, maana hata ugomvi unataka heshima, akatoka. Alirudi giza limeshaingia.

"Mbishi yule," alisema akivua viatu. "Hajaelewa bado. Itabidi nirudi Alhamisi."

Alhamisi akarudi, na wiki iliyofuata pia. Brightson alimwonea huruma mama yake kwa kuhangaika vile, maana Mwalimu hakulegea hata kidogo. Ndiyo kwanza alizidi kuwa mkali. Hapo shikilia! Hapo bibi harusi amefika benchi la mbele, usimkurupushe! Basi Brightson akashikilia, akaacha kumkurupusha, akajipigia moyoni hesabu ya lini ataachana na kazi hii ya kudhalilishwa, na kesho yake akarudi tena.

Siku moja aliupiga wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, bila mguu wowote kupotea. Akageuka kungoja neno. Mwalimu alikuwa anafuta miwani.

"Jumamosi nitakuja kwenu," alisema. "Jibu lako nitalitoa mbele ya wakubwa wako."

Wiki ile Brightson aliwaza hilo tu. Jibu zuri halihitaji wakubwa. Linalohitaji wakubwa ni la kufukuzwa, na aliyemponza ni mama: amemsema mzee wa watu mpaka amechukia.

Jumamosi Mjomba Albano, kaka yake mama, alifika mapema kutoka Buguruni, amechomekea shati. Kisha akaingia Mwalimu Ansbert ndani ya suti, na nyuma yake mzee mgeni aliyevaa koti. Wa kamati ya liturujia huyo, aliwaza Brightson, kaletwa awe shahidi. Mama aliwasalimia wageni akaingia chumbani, na safari hii hata neno moja la ukali hakulitoa.

Soda zilifunguliwa, hakuna aliyekunywa. Mjomba aliuliza habari za mvua, zikaisha. Brightson akaona jasho linamtiririka Mwalimu kwenye paji la uso, akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, kama nimeshindwa, naomba uniambie tu."

"Umefaulu," alisema Mwalimu Ansbert. "Kuna ndoa mwezi wa kumi. Utapiga peke yako."

Brightson nusura alie kwa furaha mbele ya wazee. Halafu hofu ikamrudia.

"Peke yangu? Na Mwalimu utakuwa wapi?"

Mzee alimtazama Mjomba Albano, akamtazama mwenye koti. Hakuna aliyemsaidia.

"Mbele ya altare," alisema. "Na mama yako, kama utaniruhusu."